Mashine inaandika, mimi natia sahihi

Barua ya msomaji

Shikamoo Mama Mshauri,

Safu hii huwa naisoma kwa kujificha, kwa sababu wanaume wa ofisini kwetu wanaiita safu ya wake zetu. Leo nimeona niandike mwenyewe. Naomba jina langu lisitoke, na ukiona neno linaloweza kumfanya mtu wa kazini anitambue, likate.

Nina miaka 36. Natengeneza programu za kompyuta katika kampuni moja ya Dar es Salaam inayounganisha mabenki, maduka na mitandao ya simu ili pesa ikitoka huku iingie kule. Wewe ukinunua luku kwa simu, katikati wapo watu kama sisi ambao huwaoni. Nipo hapo mwaka wa tisa.

Nilipoanza niliipenda kazi hii vibaya sana. Wakati ule karibu kila kitu kilipita kwenye zile menyu za kubonyeza nyota na reli. Ujumbe mmoja wa menyu hizo hauzidi herufi 182, nafasi na nukta zikiwemo, na Kiswahili chetu, Mama, kina maneno marefu. Nakumbuka nilishinda siku nzima na sentensi moja, natafuta namna ya kumwambia bibi wa Sumbawanga kwamba pesa yake haijapotea, inasubiri tu, bila kuzidisha herufi na bila kumtia hofu. Nilipoipata niliinuka nikatembea mpaka dirishani. Hakuna aliyenipigia makofi, lakini moyoni nilijua nimefanya kitu.

Tangu katikati ya mwaka jana tumeletewa zana za akili mnemba za kuandika programu. Sizikatai, ni hodari. Ila sasa mimi siandiki tena, nasoma. Asubuhi nikifungua laptopu nakuta kazi kumi na mbili, siku nyingine kumi na tano, zimeandikwa na mashine kwa maagizo ya wenzangu, zote zinaningoja nizipitie na kubofya "kubali". Zimenyooka, zina maelezo ya Kiingereza kizuri kuliko changu. Ni kama kupewa mchele uliokwisha kuchambuliwa ukaambiwa uchambue tena. Macho yanachoka, jiwe hulioni, unakuja kulijua umeshalitafuna.

Nililitafuna mwezi Machi. Saa nane na dakika arobaini usiku simu ya zamu ikalia. Nilikwenda kukaa chooni ili mtoto asiamke, laptopu magotini, miguu kwenye sakafu ya baridi. Mtandao mmoja ulikuwa unachelewa kujibu. Programu yetu ikikaa sekunde 30 bila jibu inadhani ombi limekwama, inatuma jingine. Kumbe la kwanza limeshapita. Watu 212 walikatwa pesa mara mbili. Mama, hilo ni kosa la darasa la kwanza katika kazi yetu: kila ombi la malipo hupewa namba yake ya pekee, ili likija mara ya pili likataliwe. Mimi mwenyewe nimewafundisha vijana hivyo. Safari hii kila ombi liliporudiwa lilipewa namba mpya. Nikatafuta ni nani aliyepitisha mabadiliko hayo. Nilikuwa mimi, saa kumi na moja na robo jioni, kazi ya kumi na nne siku ile, mistari mia sita. Tulirudisha pesa za watu mpaka saa tatu asubuhi. Kwenye kikao bosi akasema, "Lakini si wewe ndiye uliyepitisha?" Kweli ni mimi.

Kuna jambo jingine, sijui kama linahusika. Januari bosi aliniomba nitengeneze jedwali la kazi zote za timu yetu, nionyeshe ipi inaweza kufanywa na mashine na ipi haiwezi. Nikalitengeneza vizuri sana, kwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Mwisho wa Februari wakapunguzwa watu wanne. Mmoja wao ni dogo niliyempokea akitoka chuo. Nimemfundisha miaka miwili na nusu, meza yake inagusana na yangu. Alikuwa anakosea, ndiyo, lakini alikuwa anauliza. Kazi zake nyingi zilikuwa kwenye kijani.

Dogo hajui habari za jedwali. Ananitumia ujumbe: "Shikamoo kaka, mchongo wowote ukitokea nikumbuke." Ameshatuma mara tatu. Sijamjibu. Tiki za bluu zipo, anajua nimesoma.

Mke wangu ni nesi wa wodi ya wazazi. Nilipojaribu kumgusia haya alikuwa ametoka zamu, anavua soksi. Akaniangalia akasema, "Unakaa kwenye kiyoyozi, unakunywa chai ya bure, unalipwa mara tatu yangu. Unalalamika nini?" Sikuendelea.

Mshahara ukishakatwa kila kitu napokea milioni mbili na laki sita. Mkopo wa benki wa nyumba yetu unachukua laki saba na themanini kila mwezi, na imebaki miaka mitatu kuumaliza. Kuna ada za watoto wawili, na kuna mama yangu Njombe, ambaye kila mgeni akija anamwambia kwamba mwanawe ndiye anayeendesha pesa za kwenye simu. Huko Njombe marehemu baba ametuachia eka mbili. Kila Desemba nikisimama pale nasema moyoni: niache haya mambo, nije nipande parachichi.

Likizo sijachukua tangu 2023. Usiku nikikosa usingizi nasoma habari za wenzetu wa nje: Meta watu 11,000, Google 12,000, Microsoft 10,000. Najiambia, kama wale wanapukutika hivi, sisi wa huku ni nani?

Je, niache kazi? Nivumilie? Au ni mimi niliyeharibika, kwa sababu wenzangu naona wanacheka tu na kubofya?

Mchambua Mchele,
Dar es Salaam

Jibu

Marahaba mwanangu. Pole na kazi, na pole zaidi na ile sakafu ya choo. Nimekata sehemu mbili za barua yako kama ulivyoomba. Na hao wanaosema hii ni safu ya wake zenu, nikuibie siri: karibu nusu ya barua ninazopata ni za wanaume, na nyingi zinaanza vilevile kama ulivyoanza wewe.

Kama nimekuelewa, unaniuliza kama uache kazi, na sababu unayoitaja ni kwamba mashine imekunyang'anya uandishi ikakuachia usomaji. Hilo nimelisikia. Ila nimeisoma barua yako mara ya pili nikiwa na kalamu. Mashine umeipa aya moja, ukaisifu kabisa. Usiku wa Machi umeupa aya ndefu kuliko zote. Dogo umempa aya mbili, na hapo ndipo sentensi zako zinapokuwa fupi, kama za mtu anayepita mahali asipotaka kusimama. Ukatanguliza na neno la kujikinga: "sijui kama linahusika". Mimi nadhani linahusika. Unaweza kunipinga.

Nikuhadithie kidogo, maana nawe umenihadithia herufi zako 182. Mwaka 1984 niliajiriwa kuendesha teleksi, mashine ya kutumiana maandishi kwa laini kama ya simu, katika shirika moja la umma hapa Dar. Teleksi ilikuwa ya gharama, kwa hiyo hukuandika laini ikiwa wazi. Ulitoboa kwanza utepe wa karatasi, kila herufi ina vitundu vyake, havizidi vitano. Ukishamaliza ndipo unapiga London au Hamburg na kuuachia utepe ukimbie wenyewe. Ukikosea hufuti. Unarudisha utepe nyuma, unatoboa vitundu vyote vitano juu ya kosa, na mashine ya upande wa pili inapita hapo kana kwamba hapakuwa na kitu. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa naweza kuusoma kwa kidole. Kitundu kimoja cha pembeni huku ni E, kimoja cha pembeni kule ni T. Meneja alikuwa anakuja kusimama mlangoni kwangu, ameshika karatasi yake, ananingoja nimalize.

Halafu ikaja faksi. Meneja akawa anaandika kwa mkono wake na kuingiza karatasi mwenyewe. Mimi nikahamishiwa mapokezi. Mshahara haukupungua hata senti tano, na nililia wiki nzima. Mama yangu, Mungu amrehemu, akaniuliza swali lilelile la mkeo: unalilia nini, na mshahara upo?

Sikuhadithii haya ili uondoke hapa ukisema "basi yatapita". Mwenzangu wa meza ya pili alijifunza kompyuta, akastaafu vizuri. Mwingine alirudi kwao Korogwe, tukapotezana. Nami miaka ilipita kabla sijajua nilikuwa nalilia nini: hakukuwa tena na mtu anayesimama mlangoni. Sasa nakuuliza wewe. Zamani mlangoni kwako alisimama yule bibi wa Sumbawanga, japo hamkuonana. Baadaye alisimama dogo, na maswali yake. Leo nani anasimama? Maana hizo kazi kumi na nne hazisimami, zimepangwa foleni tu.

Kuhusu hizo namba unazozisoma usiku. Ni za kweli, ila angalia tarehe zake. Meta ilitangaza kupunguza watu 11,000 tarehe 9 Novemba 2022. ChatGPT ilitoka tarehe 30 ya mwezi huohuo. Yaani panga lilishuka wiki tatu kabla ya mashine unayoiogopa haijafunguliwa mlango. Makampuni yale yaliajiri kwa pupa wakati wa Korona, dunia ilipokuwa imejifungia ndani na riba ya Marekani ikiwa karibu na sifuri. Mwaka 2022 riba ikaanza kupanda, wakageuka. Google na Microsoft wakafuata Januari 2023. Na kwa hapa Afrika, Andela, kampuni inayowaunganisha watengeneza programu wa Afrika na makampuni ya nje, iliwaachia mamia ya watengeneza programu wachanga wa Lagos, Kampala na Nairobi mwezi Septemba 2019, ikisema kwamba wateja wake wanataka wazoefu. Akina dogo walianza kukosa kiti zamani kidogo, mwanangu.

Sisemi mashine haina mkono humo. Siku hizi wapo waajiri wanaoitaja waziwazi, na mimi si mtabiri. Ninachokiona ni kwamba ukiitwika mashine mzigo wote, watu walioamua wanatoka kwenye picha. Mashine haikupanga kwamba mtu mmoja asome kazi kumi na nne kwa siku, mistari mia sita saa kumi na moja jioni, kisha ashike simu ya zamu usiku uleule. Hayo kayapanga mtu mwenye jina na ofisi. Bosi alipokuambia "si wewe ndiye uliyepitisha?" alisema kweli, lakini alisema nusu. Nusu ya pili ni: nani aliweka kumi na nne?

Hapo ndipo ningeanza kuchimba kabla ya kufika kwenye kuacha au kutoacha. Umewahi kukaa naye ukamwambia kwa namba, kama unavyojua kupanga mambo, kwamba kazi moja inayogusa pesa inahitaji muda gani kusomwa? Kwamba zile za malipo zisomwe na watu wawili, na zisipokewe baada ya saa tisa alasiri? Kwamba wewe nawe uwe na moja kwa wiki unayoiandika kwa mkono wako, hata kama mashine ingeiandika haraka zaidi? Anaweza kukataa. Anaweza hata kukuona mzito, na katika ofisi iliyopunguza watu Februari hiyo si hatari ndogo, sitaki nikudanganye. Lakini hivi sasa unataka kuhama nyumba ambayo hujawahi kumwambia mwenye nyumba kwamba paa linavuja.

Halafu usingizi. Hukuupa uzito, umeutaja kama unavyotaja hali ya hewa. Mtu aliyeamshwa saa nane usiku kwa miezi na asiyepumzika tangu 2023 hawezi kujua kama anaichukia kazi yake au anauchukia mwili wake uliochoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inakupa siku 28 za likizo kwa mwaka, na hizo hazitegemei fadhila za bosi. Sheria hiyohiyo inaweka saa 45 kwa wiki kuwa kikomo cha kawaida, na saa za ziada zina malipo ya mara moja na nusu. Cheo chako kikiwa cha usimamizi huenda vifungu hivyo vya saa visikuguse, kwa hiyo soma mkataba wako kwanza, uone simu ya zamu imeandikwaje humo, kama imeandikwa. Nimewasikia wengi wa kazi zenu wakisema zamu ya usiku "ilianza tu".

Tuje kwenye kuacha. Sikukatazi. Ila kuna hesabu ambazo ni afadhali uzijue ukiwa umelala vizuri. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi isiyopungua siku 28, na mkataba wako unaweza kudai zaidi. Anayepunguzwa kazi hupata kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, mwisho miaka kumi. Anayeandika barua ya kuacha mwenyewe hana fungu hilo. Sikwambii ukae unangoja kufukuzwa kama mtu anayengoja urithi. Nasema barua ya kuacha isiandikwe chooni saa tisa usiku.

Ukiacha, unakwenda wapi? Kuna wanaokwenda benki au serikalini, ambako mambo ni ya polepole na vikao havina mwisho. Wengine hilo linawaponya, wengine linawamaliza, nawe unajijua. Kuna kufanyia kazi kampuni za nje ukiwa kwako sebuleni. Uzoefu wako wa miaka tisa ya malipo ya simu unatakiwa, na dola ni dola. Lakini saa mbili asubuhi ya San Francisco, kwa sehemu kubwa ya mwaka, ni saa kumi na mbili jioni yetu: utaondoka kwenye simu ya usiku ya hapa uingie kwenye usiku mzima wa kule. Mara nyingi huko huitwi mwajiriwa bali mkandarasi, yaani michango ya NSSF na kodi ya TRA unajishughulikia mwenyewe, na siku wakikuchoka ujumbe mmoja unatosha. Na utakutana na mashine ileile huko huko. Kama kinachokuuma ni kusoma badala ya kuandika, waulize mapema, kabla hujasaini: hapa kwenu mtu wa cheo changu anaandika au anapitisha?

Parachichi nayapenda, na Njombe naijua kidogo. Mche wa Hass uliobebeshwa unataka kama miaka mitatu kabla hujachuma cha kuuza, na zaidi ya hapo kabla haujakutoa jasho la maana. Nimetabasamu nilipoona mkopo wako nao umebakiza mitatu: miche na deni vinaweza kukomaa pamoja, mradi katikati kuwe na mtu anayelipa laki saba na themanini. Kwa hiyo huenda hili si la kuchagua hiki au kile. Miche inaweza kuingia ardhini mvua zijazo, wewe ukiwa bado Dar, ukaona kama ni kilimo unachokitaka au ni ule ukimya wa Desemba. Nenda Julai. Desemba Njombe ni kijani, ndugu wapo, kuku wanachinjwa. Julai asubuhi baridi inakata vidole, na msimamizi wa shamba anakupigia kusema fedha ya mbolea imeisha. Ukiipenda Julai, tutazungumza vingine.

Mama yako na wageni wake usimhofie sana. Akina mama wa Njombe wameshapata kuwasifu wana waliouza viazi.

Mkeo ndiye ningependa umrudie. Alikujibu akiwa anavua soksi, mwanangu. Hapo angejibiwa hivyo hata malaika. Lakini fikiri kidogo: huyo ni mtu ambaye ameamshwa usiku na simu za kazi miaka mingi kuliko wewe, anajua kubeba kosa lililotokea kwenye zamu yake, na anajua maana ya kutia sahihi kwenye fomu ya kitu alichokifanya mwingine. Katika Dar nzima huenda hakuna mtu anayeielewa kazi yako kuliko yeye, ila umempelekea habari za mshahara na uchovu, hukumpelekea zile 212. Mpe ile hadithi ya ombi lililorudiwa. Usiipunguze. Kama atakujibu vilevile, utaniandikia.

Nirudi kwa dogo, nilikokuwa nazunguka kama wewe. Bosi "aliniomba", umeandika. Hukuandika kama siku ile, ulipokuwa unachagua rangi, ulijiuliza jedwali ni la nini. Sikudai jibu. Inawezekana kabisa hukujua. Inawezekana ulijua kidogo ukaamua kutokujua, jambo ambalo sote tumelifanya katika ofisi moja au nyingine. Mimi mwenyewe mwaka ule wa faksi niliulizwa ni nani kati yetu watatu anaweza kuachwa, na nikajibu swali. Kuna tofauti kati ya kutengeneza jedwali na kumfukuza mtu, na sidhani unanihitaji mimi nikuonyeshe. Lakini nadhani kila ukibofya "kubali" unaliona lile jedwali, na hilo hakuna likizo wala shamba litakaloliondoa, kwa sababu utakwenda nalo.

Kwa upande wake yapo ya vitendo. Sheria inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu na ashauriane nao kabla hajaamua. Kama walipewa barua tu, ana haki ya kuuliza. Malalamiko ya kuachishwa isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na hizo zimekwisha. Tume inaweza kupokea yaliyochelewa kukiwa na sababu nzuri, ila hapo atafute mtu wa sheria, asitegemee safu ya gazeti. Wewe unaweza kumwandikia barua ya kumtambulisha, inayosema alichokuwa anakiweza. Unaweza kumwunganisha na watu wawili watatu. Miaka tisa katika malipo, unawajua. Kuna hatari yake pia: akijua habari za jedwali anaweza kukuchukia, na atakuwa na haki ya kukuchukia kwa muda.

Kuhusu wenzako wanaocheka na kubofya, usiwahesabu sana. Wewe nawe ofisini unacheka, au sivyo?

Nikuachie tofauti moja ya mpangilio, uitumie ukitaka. Umeniuliza niache au nivumilie, kana kwamba hilo ndilo la kwanza. Labda ni la tano. Mbele yake kuna likizo, kuna yale mazungumzo ya kumi na nne, kuna mkeo, na kuna ujumbe usiojibiwa. Likizo peke yake inaweza kubadilisha swali, au ikakuthibitishia kwamba swali ni lilelile, nalo hilo ni jibu.

Ukimwandikia dogo, huna haja ya kuanza na jedwali siku ya kwanza. Kijana amekuamkia mara tatu. Anza na marahaba.

Mama Mshauri